Chupa Zilizolazwa

Lori la mizigo lilikuwa limeshatangulia. Burl Cundiff aliliona likikata kona kule darajani, limebeba kitanda alichofia mkewe, meza, viti sita, na sanduku la vyombo ambavyo binti yake alisema havina kazi Ohio lakini akavipakia vilevile. Nyuma ya lori lilifuata gari la huyo binti, Darlene. Nyuma kabisa alikuja Burl mwenyewe katika pikapu yake kuukuu, akiendesha polepole kama mtu anayesindikiza jeneza.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Alizaliwa wilaya hii ya Kentucky, akaunda mapipa ya wiski miaka thelathini na sita, akazika wazazi, kaka na mke katika makaburi yaleyale, na sasa anahamishwa kama kabati. Magoti yamekataa ngazi. Moyo nao una mambo yake. Darlene alishasema, na Darlene akisema amesema.

Nyuma ya pikapu, chini ya turubai na blanketi la farasi, kulikuwa na makasha matatu ambayo Darlene hakuyajua. Moja lilikuwa limefunguliwa. Chupa moja ilikuwa imetolewa humo, ikaviringishwa taulo, na sasa ilikuwa imesimama kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda.

Simu ikalia.

"Baba, mbona unabaki nyuma?"

"Napita kwa Ansel."

"Baba! Si tulishaongea? Ulimuaga Jumapili."

"Jumapili alikuwa amelala. Kumuaga mtu aliyelala ni kuagana na blanketi."

Burl alimsikia akipumua. "Nusu saa," akasema. "Nakusubiri kituo cha mafuta pale njia panda. Na iwe nusu saa ya saa, Baba, isiwe nusu saa ya wazee."

"Nusu saa."

Akakata kulia. Barabara ya kwenda kwa Ansel Hagan inapita kando ya maghala, yale majengo marefu ya bati ambamo mapipa hulala miaka kwa miaka yakipumua kupitia mbao zao. Pumzi ile ya kileo hulisha kuvu, na kuvu ilikuwa imepaka weusi kila kitu: mapaa, nguzo za uzio, mashina ya miti upande mmoja. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mvua ya rasharasha, na miti ile ilionekana kama imeungua na kulowa kwa wakati mmoja. Burl hakuiangalia. Alikuwa anarudia maneno yake.

*Kabati la cherehani la Nadine. Tulipokuwa tunafungasha. Nyuma ya vitambaa.*

Alishayasema mara nyingi tangu asubuhi, na sasa yalikuwa karibu kweli.

Wiski yenyewe iliitwa Old Renfro. Haikuwa kinywaji cha wakubwa. Ilikuwa na lebo ya njano yenye picha ya nyumbu, kizibo cha gome chenye kichwa cha mbao, na bei ya mtu anayetoka kazini na buti chafu. Miaka kumi na miwili nyuma kampuni iliuzwa, na walioinunua wakaona nyumbu hana faida. Hawakutangaza msiba. Siku moja tu mahali pake kwenye rafu pakawa na kitu kingine.

Ndipo watu wakaanza kuitafuta, na penye kutafuta pakazaliwa adabu. Hakuna aliyeiandika. Kwao ilikuwa ya watu wanne: Burl, Ansel aliyekuwa mtu wa maghala maisha yake yote, Hobe Yates dereva wa malori, na Nadine, mke wa Burl, ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa ghala na ambaye kwa ukali wa sheria aliwashinda wanaume wote watatu. Ukikuta chupa mbili dukani, unachukua moja. Rafu haiachwi uchi, kwani nyuma yako yuko mwenzako anakuja na kiu yake. Ukikuta nyingi, unawapigia wenzako simu kabla hujalipa. Huuzi. Hata upewe bei ya ng'ombe, huuzi. Chupa ikifunguliwa katika nyumba ya mtu inabaki kwa mtu huyo, hairudi na aliyeileta. Na mmoja akifa, mwenye chupa huja nayo makaburini, huifungua mbele ya watu, na kizibo hutupwa shimoni kwa marehemu. Chupa isiyo na kizibo haina kesho. Inanywewa ikaisha siku hiyohiyo, na wote waliokuja.

Burl alivunja sheria mbili kwa mchana mmoja. Ilikuwa Novemba, miaka tisa iliyopita, wiki ileile Nadine alipopewa majibu yake ya saratani ya kongosho. Nadine alikuwa amelala, na Burl hakuweza kukaa ndani ya nyumba akisikiliza anavyolala. Akaingia kwenye pikapu akaendesha tu, kusini, hadi akakaribia Tennessee. Akasimama kwenye kijiduka kununua kahawa. Mwenye duka alikuwa anasafisha stoo, na mlangoni amepanga makasha matatu yenye vumbi, na ubavuni mwa kila kasha, nyumbu.

"Hayo?" mwenye duka alisema. "Yapo tangu enzi za mzee wangu. Hakuna anayeyaulizia."

Burl alitia mkono mfukoni kutoa simu. Mkono ukatoka na pochi. Hata leo asingeweza kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kila kitu kilikuwa kinaisha. Akaona kitu ambacho kingechelewa kuisha, akakibeba chote, chupa thelathini na sita, bila kuacha hata moja.

Nyumbani alizificha chumba cha chini, kwenye uwazi ulio nyuma ya ngazi, mbele yake mitungi ya Nadine ya maharage mabichi. Pale ni pafupi. Chupa zikisimama, vichwa vinaonekana juu ya mitungi. Kwa hiyo akazilaza. Yeye, mtu wa mapipa, alijua. Pipa hulala, chupa husimama. Mtoto wa huku hulijua hilo kabla hajajua sala. Chupa ya wiski ikilala, kileo kinatafuna kizibo, na kizibo kikishatafunwa kinarudisha uchafu wake ndani. Lakini alijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka apate namna ya kuwaambia wenzake.

Nadine alikufa Januari. Ansel alikuja makaburini na Old Renfro chini ya koti. "Hii ndiyo ya mwisho niliyonayo," alisema mbele ya watu, "na sijui ningemwekea nani mwingine." Akavuta kizibo, akakidondosha juu ya jeneza. Burl akanywa glasi mbili za chupa ile. Alilia, na watu wakadhani wanajua analilia nini.

Baada ya hapo mdomo ukawa mzito. Ungesemaje? Kufungua moja na wenzake ni kukiri. Kunywa peke yake chini ya ngazi hakuthubutu, alijaribu mara moja akaishia kushika shingo ya chupa gizani kama mwizi wa kuku. Miaka mitatu baadaye akafa Hobe. Ansel alizunguka wilaya nne akitafuta chupa ya kumzikia Hobe, siku mbili, duka kwa duka, na Burl alikaa kiti cha pembeni safari nzima. Hata aliingia madukani kuuliza. Hobe alizikwa kwa kahawa. Ansel alitoa mfukoni kizibo cha zamani alichokitunza kwenye droo, akakitupa shimoni, akasema, "Samahani, Hobe." Burl alivua kofia.

Na wiki tatu zilizopita Twyla, mke wa Ansel, alipiga simu. Saratani ya koo la Ansel imefika mwisho, alisema, hawamkati tena wala hawamchomi. Anataka kitu kimoja tu, kijiko cha Renfro. Yeye mwenyewe amewapigia simu watu wote hadi kasisi. "Shemeji, huna hata tone?"

"Sina, shemeji," Burl alisema.

Wiki tatu hizo hakulala. Sasa alikuwa anapeleka tone hilo, na alichokitaka kilikuwa rahisi kukisema: Ansel anywe, na asijue. Afe bado ni rafiki yake.

Twyla alitoka barazani kabla hajazima injini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Nilidhani uko Ohio wewe! Nilidhani umeshaanza kuongea kupitia pua kama wao."

"Bado, shemeji. Wamenipa mwezi wa kujifunza."

"Sasa hicho ni nini? Mtoto?"

Burl alifunua taulo upande mmoja. Twyla aliona njano, aliona masikio ya nyumbu, akaweka mkono mdomoni.

"Burl Cundiff. Umeitoa wapi?"

"Kabati la cherehani la Nadine," Burl alisema. "Tulipokuwa tunafungasha. Nyuma ya vitambaa."

"Nadine!" Twyla alicheka, kisha machozi yakamtoka kicheko kikiwa bado usoni. "Yule mwanamke! Miaka tisa kaburini na bado ndiye anayetuwekea akiba. Ingia, ingia, usikanyage mpira wa oksijeni."

Kitanda cha hospitali kilikuwa kimewekwa sebuleni, kimeelekezwa dirishani, na dirisha linatazama maghala. Ansel alikuwa amebaki pua na macho. Pua ile ilikuwa mashuhuri zamani. Wenye ghala walikuwa wakimwita anuse pipa kabla ya kumwita fundi. Sasa ilikuwa na vimirija viwili.

"Nani huyo?" sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama kiatu juu ya changarawe. "Mtu wa kodi?"

"Mbaya zaidi."

"Burl. Walisema wamekupakia lorini na kuku."

"Kuku walikataa kukaa na mimi."

"Wana akili." Ansel alifumba macho akapumzika. Kila sentensi ilimgharimu. "Kaa. Umeniletea mkate wa mahindi? Usinipe. Siwezi kumeza. Uweke hapo niuangalie tu niumie."

"Si mkate," Twyla alisema. "Mwonyeshe, shemeji. Mwonyeshe!"

Burl aliiweka chupa juu ya blanketi, ubavuni pa mkono wa Ansel. Ansel aliitazama kwa muda mrefu. Vidole vyake vilitambaa mpaka kwenye lebo vikatulia juu ya nyumbu.

"Habari yako, mzee," akamwambia nyumbu.

"Ni Nadine," Twyla alisema. "Aliificha kabatini kwa cherehani, fikiria. Wameikuta leo wakifungasha."

"Nadine," Ansel alisema, na uso wake ukafanya kitu ambacho Burl hakuwa amekiona tangu kiangazi. "Alikuwa na zamu yake ya kuzika, kumbe. Alijua nitakutangulia wewe."

"Alijua," Burl alisema. "Twyla, leta kijiko."

Alishika kichwa cha kizibo akazungusha taratibu. Kichwa cha mbao kikatoka, na vipande viwili vya gome vimening'inia chini yake kama jino bovu. Kilichobaki kilizama shingoni. Burl alijaribu kukitoa kwa kisu, kikamegeka, kikaanguka ndani. Hakikuwa kitu kikavu cha kuvunjika. Kilikuwa cheusi na laini, kama mkate uliosahauliwa kwenye maji.

"Si neno," Burl alisema upesi. "Chupa ya zamani. Nitachuja."

"Ninayo karatasi ya kuchujia kahawa," Twyla alisema, akaenda jikoni.

"Kaa kidogo," Ansel alisema. "Nipe hicho kizibo."

"Ni uchafu tu, Ansel."

"Nipe uchafu."

Burl akampa. Ansel alikibonyeza kati ya vidole, maji ya hudhurungi yakatoka. Akakipeleka puani, akasogeza vimirija, akanusa. Kisha akaivuta chupa karibu, akaigeuza polepole dirishani. Lebo ilikuwa na doa upande mmoja tu, kuanzia shingoni kushuka ubavuni, na upande wa pili njano ilikuwa safi kama ya dukani. Twyla alirudi na karatasi na kijiko akakuta wote wawili wanaitazama.

"Lile kabati la cherehani," Ansel alisema. "Si lile la dirishani?"

"Lilelile."

"Nililibeba mimi na Hobe siku mlipohamia. Refu kama mlango. Hobe alilia njia nzima kuhusu mgongo."

"Ndiyo. Lile."

"Na Nadine akailaza chupa humo."

Burl alipokea karatasi na kijiko kutoka kwa Twyla.

"Nadine," Ansel aliendelea, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Binti wa mlinzi wa ghala. Aliyenifukuza jikoni kwake Krismasi, mbele ya mkwe wangu, kwa sababu niliegemeza chupa juu ya bakuli. Aliniambia nini, Twyla?"

"Alikuambia umelelewa na mbuzi," Twyla alisema. Bado alikuwa anatabasamu.

"Pipa hulala," Ansel alisema.

"Chupa husimama," Twyla akamalizia bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia kanisani. Kisha tabasamu likamtoka, akamgeukia Burl.

"Hii ililala miaka," Ansel alisema. "Aliyeilaza alikuwa na mahali pafupi. Alikuwa anaficha."

Nje mvua iliongezeka kidogo juu ya bati. Burl angeweza kusema pale. Mlango ulikuwa wazi, Ansel mwenyewe alikuwa amemfungulia. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Alikuwa mgonjwa, Ansel. Mwisho mwisho alikuwa anachanganyikiwa. Labda—"

"Usimseme."

Ansel alijaribu kuinua kichwa kitandani, na Twyla akakimbia kumshika. "Usimseme yule mwanamke. Alikuwa na akili zake hadi siku ya mwisho, nilikuwapo. Alinisahihisha Zaburi." Alikohoa. Walingoja kikohozi kiishe, kilichukua muda, na Burl aliangalia mikono yake mwenyewe. Sauti ya Ansel iliporudi ilikuwa ndogo zaidi. "Ngapi, Burl?"

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakuijua ya Burl; aliitembea miaka tisa, na ikamalizikia pale, kwenye zulia la sebule ya Twyla.

"Thelathini na sita," alisema. "Pamoja na hii."

"Toba," Twyla alisema.

"Tangu lini?"

"Novemba. Ile Novemba."

Ansel alihesabu. Ilionekana machoni mwake akihesabu, si chupa, bali watu. "Kabla ya Nadine."

"Kabla. Nilitaka kuwaambia. Nilichelewa wiki moja tu. Kisha wewe ukaja na ile yako ya mwisho, ukaisema mbele ya watu. Ningesimamaje pale, Ansel? Ningesemaje?"

"Ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Na Hobe." Ansel sasa alikuwa anatazama maghala, hamtazami Burl tena. "Siku mbili. Ulikaa garini na mimi. Tulikula soseji kwenye maegesho kule, ukaniambia... uliniambia nini?"

Burl alikumbuka vizuri sana. "Nilikuambia tusikate tamaa."

Twyla alitoa sauti ndogo, akaketi kwenye mkono wa kochi. Saa ya ukutani iligonga robo. Mwishowe Ansel alinyoosha kidole kuelekea kijiko.

"Nichujie."

"Ansel, acha," Twyla alisema. "Huna haja."

"Nimeomba wiki tatu. Nichujie."

Burl alichuja yeye mwenyewe kupitia karatasi ya kahawa ndani ya kikombe cha chai. Rangi ilikuwa na ukungu. Twyla alimnyang'anya kijiko, si kwa ubaya, akamlisha mumewe. Ansel aliiweka mdomoni. Macho alifumba. Burl alisimama akiomba, mtu asiyeomba tangu Januari ile, kwamba ndani ya kijiko kile kimoja kibaki kitu, chochote, harufu ya karameli, moto kidogo.

Ansel alifungua midomo, akaiacha itiririke kwenye kitambaa cha Twyla.

"Imekufa," alisema. "Boksi lililonyeshewa."

"Zipo nyingine," Burl alisema. "Ziko kwenye pikapu, zote. Huenda moja imepona. Nizilete, tuzifungue zote, Ansel, mpaka tupate nzima. Nizilete?"

"Siku ya Hobe ndiyo ungezileta."

"Ansel."

"Sikiliza, nimechoka. Siku yangu njoo. Sikukatazi kuja." Alipumua. "Ila usije na hata moja. Njoo mikono mitupu, kama ulivyokwenda kwa Hobe. Mtanywa kahawa."

Kisha akageuza uso kwenye dirisha. Burl alisimama pale mpaka simu ikalia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena. Akasema, "Haya, ndugu yangu." Haikujulikana kama Ansel amelala au hapana.

Twyla alimsindikiza hadi barazani. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka ukingo wa paa. Burl alishuka ngazi moja, akashika nguzo kwa ajili ya goti, na alipogeuka kuaga akaona Twyla ameshika chupa, taulo limekunjwa vizuri na kuwekwa juu yake.

"Chukua, shemeji."

"Imefunguliwa ndani ya nyumba yenu," Burl alisema. "Inabaki hapa."

"Najua inavyokuwa," Twyla alisema. "Chukua."

Aliendelea kuinyoosha mpaka Burl akaipokea. Kisha Twyla akaingia ndani na kufunga mlango wa wavu, halafu ule wa mbao. Burl alikaa garini na chupa isiyo na kizibo katikati ya mapaja, kwa maana hakuna namna nyingine ya kuendesha na chupa ya aina hiyo, na kila kona ilimwagikia suruali. Njia panda Darlene alishusha kioo.

"Dakika hamsini, Baba. Na mbona unanuka hivyo? Umekunywa?"

"Hapana," Burl alisema. "Twende."

Ansel Hagan alikufa Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana. Burl alirudi kwa basi kumzika, kwani Darlene hakumruhusu kuendesha. Alikwenda mikono mitupu. Watu walikunywa kahawa. Mfukoni alikuwa na kile kichwa cha mbao chenye vipande vyake vya gome, alichokiokota kwenye blanketi siku ile, na wengine walipokuwa wakitupa udongo alikitoa. Twyla alimwona kutoka upande wa pili wa shimo akatikisa kichwa kukataa, mara moja. Burl akakirudisha mfukoni.

Majira ya baridi hayo, katika gereji ya Darlene huko Dayton, Burl alizisimamisha chupa zote na kuzifungua moja moja. Thelathini na moja zilikuwa zimekufa, akazimwaga kwenye mfereji wa maji. Nne zilikuwa nzima. Alizionja kwa ncha ya ulimi, akazifunga kwa vizibo vipya, na mwezi wa nne akamwomba Darlene ampeleke kwa Twyla. Twyla hakufungua mlango. Waliziacha barazani, zimesimama. Zilikaa hapo hadi mwezi wa sita, ndipo mwana wa Twyla akazichukua na kumuuzia mtu wa Chicago kwa bei ambayo hakumwambia mama yake.

Twyla alihamia kwa dada yake Owensboro na bado yuko hai. Kijiduka cha mpakani na Tennessee kimefungwa. Sasa wanauza matairi pale. Burl alikufa mwaka wa pili huko Ohio, asubuhi, akiwa anavaa viatu. Darlene alimrudisha na kumzika ubavuni mwa Nadine, na kwa kuwa hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu vizibo, aliwapa watu juisi ya limau na keki. Nyumba ya Burl ilinunuliwa na mume na mke kutoka Louisville. Waliona ngazi ya chumba cha chini imeoza, wakaibomoa, wakajenga nyingine.